Kompyuta ya Gemu kwa Milioni Mbili: Pesa Ianzie Wapi

(Mhadhara kwa vijana, Dar es Salaam. Umeandikwa kama ulivyosemwa. Maswali mengi ya mwisho yameachwa.)

Habari za jioni. Mliosimama mlangoni sogeeni ndani, viti vipo huku mbele, na sitamwita mtu ubaoni.

Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa vipuri vya kompyuta ya gemu, ile unayoiunda mwenyewe nyumbani, kwa mtu mwenye mfuko wa kati. Tuchukulie shilingi milioni mbili na kidogo, monita kando. Si fedha ndogo. Najua humu ndani wapo watakaosubiri zamu yao ya mchezo wa upatu ndipo waipate. Orodha ya bei sitawasomea, maana bei hubadilika kila mzigo unapoingia na kila dola inapopanda. Nitasema mpangilio: kipi ukichague kwanza, kipi kifuate, na wapi usithubutu kubana.

Ukiingia duka la kompyuta Kariakoo ukasema unataka mashine ya gemu, swali la kwanza utakalokutana nalo ni "Core i5 au Core i7?" Hayo ni majina ya prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Usilijibu. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011, ina kori nne (vitengo vya kazi) na thredi nane (kazi inazoshika kwa wakati mmoja). Core i3-12100 ilitoka 2022, nayo ina kori nne na thredi nane. Zipambanishe kori kwa kori: hiyo i3 inakwenda karibu mara mbili ya hiyo i7. Muuzaji hakudanganyi akisema mashine yake ni i7. Hajakuambia tu kwamba i7 hiyo ni ya wakati ule bado unasoma shule ya msingi.

Swali la kuanzia ni hili: utacheza kwenye kioo gani? Monita ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi kidogo ya milioni mbili. Ya 1440p ina karibu milioni tatu na laki saba. Ya 4K inazidi milioni nane. Kila nukta hiyo kadi ya grafiki, kipuri kinachochora picha, inaichora upya, mara 60 kwa sekunde, mara 100, mara 144. Kwa hiyo ukishachagua kioo umeshachagua ukubwa wa kazi, na kadi unaitafuta kulingana na kazi hiyo. Kwa milioni mbili mimi nasema 1080p, Hz 144 (picha 144 kwa sekunde), panel ya IPS, ile isiyopoteza rangi ukiitazama kwa upande, na usione haya. Anayekushawishi uchukue 4K kwa bajeti hii anakutafutia picha nzuri ya kuganda.

Baada ya kioo, kadi ya grafiki. Hapa ndipo theluthi moja ya pesa yako, au zaidi kidogo, inapaswa kwenda. Kwa daraja letu kuna Radeon RX 6600 ya 2021, yenye GB 8 za kumbukumbu na inayokula wati 132. Kuna GeForce RTX 4060 ya 2023, GB 8 na wati 115. Kuna RTX 3060 yenye GB 12. Na kuna Intel Arc B580 iliyotoka Desemba 2024 kwa dola 249 huko Marekani, nayo ina GB 12. Nikiwa na milioni mbili kamili naichukua RX 6600 bila kufikiri sana, kwa sababu kwenye 1080p inatosha na umeme wake ni mdogo. Ikiongezeka laki mbili tatu, natazama mojawapo ya zile za GB 12, maana gemu mpya zimeanza kuona GB 8 ni finyu. Ila B580 usiipandishe kwenye prosesa ya zamani. Kadi hiyo inaibebesha prosesa kazi nyingi, na inahitaji madabodi (bodi kuu inayounganisha vipuri vyote) inayokubali kuwashiwa Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja.

Sasa majina. Watengenezaji wa kadi wana tabia ya kuita vitu viwili tofauti kwa jina moja, na tabia hiyo inawatafuna wanunuzi wa kwetu kuliko wa kwingine, kwa sababu sisi tunanunua kwa kusikia. RTX 3050 ya GB 6 si RTX 3050 ya GB 8 iliyopunguziwa kumbukumbu tu. Hata vichakato vyake, vile vitengo vidogo vya kukokotoa, ni vichache, 2304 badala ya 2560. RTX 3060 ya GB 8 ina njia nyembamba ya kumbukumbu kuliko ile ya GB 12. RX 580 halisi ina vichakato 2304, lakini ipo nyingine iliyotolewa China mwaka 2018 yenye 2048. Hiyo kwa nguvu zake ni RX 570 iliyovaa kofia ya kaka yake, na ndiyo mara nyingi utakayokutana nayo ukiagiza kwa bei ya kutupa. Halafu kuna feki kabisa: kadi za miaka ya 2010 zilizobadilishwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) ili Windows isome "GTX 1050 Ti". Programu ya bure iitwayo GPU-Z inazitambua nyingi kati ya hizo. Nenda nayo dukani kwenye flashi, na muuzaji akikataa usiifungue, umeshapata jibu lako bure.

Kadi iliyotumika je? Mimi sizikatai. Septemba 2022 Ethereum, sarafu ya mtandaoni, iliacha kabisa mfumo wa kuchimbwa (kuzalishwa) kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi sana zikamwagwa sokoni duniani kote. Kadi iliyochimba haijafa kwa sababu tu imechimba. Kinachochoka ni feni, pamoja na grisi na pedi za joto, na hivyo vinabadilishwa. Iwashe, ichezeshe gemu nzito dakika ishirini mbele yako, sikiliza feni, tazama joto. Mwenye kadi nzima hana sababu ya kukunyima dakika ishirini.

Prosesa na madabodi nazitaja pamoja, kwa sababu ukichagua moja umeifunga nyingine. Njia ya bei nafuu ni AM4, soketi ya prosesa za AMD: Ryzen 5 5600, kori sita, thredi kumi na mbili, wati 65, na feni yake inakuja ndani ya boksi. Usiichanganye na 5500, ambayo kashe yake (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ni nusu, MB 16 badala ya 32, na inaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia inayounganisha kadi na madabodi. Kadi kama RX 6600 inatumia njia nane tu za PCIe, kwa hiyo inafaidika ikipata 4.0, ndiyo sababu nasema madabodi iwe aina ya B550, si A520 inayoishia 3.0. Upande wa Intel, Core i5-12400F ni mshindani wake halali. Herufi F inamaanisha haina grafiki ya ndani, kwa hiyo bila kadi hupati picha hata ya kuwekea Windows.

Njia ya pili ni AM5, soketi mpya zaidi ya AMD, na Ryzen 5 7600. AMD wameahidi kuendelea na soketi hiyo hadi 2027 na kuendelea, na kwa AM4 walionyesha kwamba hawatanii: mtu aliyenunua Ryzen ya kwanza mwaka 2017 aliweza, kwenye madabodi nyingi, kusasisha BIOS na kuchomeka prosesa ya 5800X3D ya 2022. Tatizo la AM5 ni kwamba inakubali RAM ya DDR5 peke yake, na tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepaa kwa sababu viwanda vimegeukia vituo vya data vya akili mnemba. DDR4, RAM ya AM4, nayo imepanda, lakini kwenye mtumba bado inapatikana, na RAM ni kipuri nisichoogopa kukinunua kikiwa kimetumika. Kwa hiyo leo, kwa bajeti hii, nakwenda AM4. Ningekuwa natoa mhadhara huu mapema 2025 ningewaambia vingine.

RAM yenyewe: GB 16, vipande viwili vya 8, siyo kimoja cha 16. Vipande viwili vinafanya kazi kwa njia mbili sambamba, na kwenye gemu tofauti unaiona kwa macho. SSD, diski ya kuhifadhia: ya NVMe, ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi, TB 1 ikiwezekana, ya kasi ya kati inatosha. Hayo hayahitaji mjadala.

Pawa saplai, kipuri kinachovigawia vingine umeme, ndiyo inahitaji mjadala, na hapa naomba mzime simu kidogo.

Desturi yetu ni kununua vyote, kisha kinachobaki mfukoni ndiyo bajeti ya pawa saplai. Geuzeni desturi hiyo. Fungu la pawa saplai litengwe kabla hujafika dukani, kwa sababu ndicho kipuri pekee kinachoweza kufa na wenzake. Kesi nyingi za bei ndogo zinauzwa zikiwa na pawa saplai ndani, imebandikwa "500W". Soma kibandiko mwenyewe. Tafuta mstari wa +12V, kwa sababu kadi na prosesa zote zinanyonya hapo. Ukikuta ampea 18, zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Hizo mia tano ziko wapi? RX 6600 inataka 132, prosesa inataka 65 kwenye karatasi na zaidi kidogo ikikazana, bado feni na diski. Umeshafika ukingoni siku ya kwanza. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 itaonyesha ampea 45 hivi kwenye mstari huo.

Tazama pia nyuma yake. Ukiona kile kiswichi chekundu cha 115 na 230, jua ni muundo wa zamani. Umeme wetu ni wa volti 230. Kiswichi kikiwa kwenye 115 ukachomeka ukutani, utasikia mlio na hutahitaji kuelezwa zaidi. Nunua ya wati 550 au 650, yenye alama ya 80 Plus (cheti cha ufanisi wa umeme) ambayo ni ya kweli, yaani modeli yake ukiitafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji unaikuta. Na usiinunue iliyotumika.

Umeme wenyewe mnaujua. Kuzimika si ndiko kunakoharibu sana. Kinachoharibu ni kurudi kwake kwa kishindo, na ile hali ya taa kufifia na kuwaka. Kifaa cha kulinda friji, kile kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kinasaidia kiasi. UPS, betri ya dharura, ni bora, lakini msome vizuri: 650VA si wati 650. Nyingi za ukubwa huo zinatoa wati 360 hadi 390. Kwa mashine niliyoitaja inatosha kufunga gemu na kuzima kwa ustaarabu, haitoshi kumalizia mechi. Mtu mmoja aliniuliza nje kuhusu Luku. Mashine hii na monita yake, ikiwa kwenye gemu, itavuta karibu wati 300. Cheza saa tatu, umekula karibu uniti moja. Pasi na jiko la umeme vinakula zaidi, mwambieni mama hivyo.

Kesi: chagua yenye wavu mbele, siyo kioo. Mashine inayovuta hewa ya Dar ya mwezi wa pili, joto nyuzi 32 kabla hata hujaiwasha, haihitaji mlango wa kioo wa kuzuia pumzi. Taa za rangi hazina ubaya, ila zisije zikachukua pesa ya feni. Anayekaa karibu na bahari aifungue na kuipuliza vumbi mara kwa mara, maana vumbi lenye chumvi na unyevu linakula miguu ya chipu taratibu. Ukipuliza, shika feni kwa kidole isizunguke.

Vipuri vinavyoletwa na mtu kutoka Dubai vinaweza kuwa nafuu, na dhamana yake mara nyingi inabaki Dubai. Ukilinganisha bei za mtandaoni na za hapa, kumbuka usafiri na VAT ya asilimia 18 kabla hujamwita mfanyabiashara mwizi.

Siku ya kuwasha, mambo matatu. Waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, si kwenye madabodi. Ingia BIOS ya madabodi uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, la sivyo RAM uliyoilipia kasi ya 3200 itajiendea kwa 2133 au 2666. Kisha kwenye Windows ubadilishe Hz za kioo. Watu wamekaa mwaka mzima na monita ya 144 ikifanya kazi kwa 60.

Ndiyo, dada pale. Anauliza: ana kompyuta ya ofisi ya mtumba, Dell OptiPlex yenye i5 ya kizazi cha nne, je, aiongezee kadi badala ya kuanza upya?

Inategemea unacheza nini, dada yangu. Windows 10 ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel ya kizazi cha nane. Hiyo yako imebaki nje. Kwenye Windows 11, Valorant, gemu ya mashindano ya kufyatuliana risasi, inataka TPM 2.0, toleo la chipu ya usalama. Kwa hiyo kwa gemu za mashindano nisingekushauri uwekeze humo. Kwa gemu za zamani na mpira, inawezekana. Lakini nyingi kati ya OptiPlex hizo zina plagi za pawa saplai za Dell wenyewe, si za kawaida, kwa hiyo kuibadilisha ni shida. Unabaki na kadi inayojitosheleza kwa wati 75 zinazotoka kwenye sloti: GTX 1650 isiyo na plagi ya umeme, au RTX 3050 ya GB 6. Kama kesi yako ni ile nyembamba, kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Lazima iwe ya kimo kifupi, yenye bamba fupi la nyuma. Fungua kesi leo, pima kwa rula urefu na kimo, andika, ndipo uende dukani. Kadi hiyo utakuja kuihamishia kwenye mashine mpya. Hiyo OptiPlex mwachie mdogo wako wa kidato cha pili.