Chaja Haisukumi, Simu Ndiyo Inayovuta

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalisema tena: chaja haisukumi umeme ndani ya simu. Simu ndiyo inayouvuta. Mtu akiona chaja imeandikwa wati 65 anaiogopa, "Hii itaniunguzia simu." Haiunguzi! Hizo wati 65 ni uwezo wake, si shuruti. Ukiichomekea kifaa kidogo kinachohitaji ampea 0.2 (ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita), itatoa hiyo hiyo 0.2.

Swali la maana ni hili: simu inajuaje ivute kiasi gani? Hapa ndipo wengi wanapopotea, na hapa ndipo nitakaa.

Chukua kebo ya USB ya kawaida, ichane ganda. Ndani utakuta nyaya nne: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za data. Umeme unapita kwenye zile mbili, lakini ruhusa inatafutwa kwenye hizi mbili. Tundu la USB 2.0 la kompyuta linatoa ampea 0.5, tena baada ya kifaa kujitambulisha. Kabla ya hapo ni 0.1 tu. Chaja ya ukutani haina kompyuta ya kujitambulisha kwayo. Ndiyo maana katika kanuni za USB za kuchaji, toleo la 1.2 la mwaka 2010, waya wa kijani na mweupe vinaunganishwa ndani ya chaja yenyewe. Simu inapeleka takriban volti 0.6 kwenye wa kijani, kisha inapima mweupe. Ikiikuta volti ile imerudi, inajua hapa ni chaja, inaweza kuvuta hadi ampea 1.5.

Apple wao walikwenda njia yao: chaja zao zinaweka volti 2.0 na 2.7 kwenye nyaya hizo za data, na mpangilio wake ndio unaoiambia simu ni ampea ngapi. Basi simu ya kampuni hii kwenye chaja ya kampuni ile inaweza kuchaji kwa kusuasua, na chaja ina nguvu tele. Hazikuelewana tu.

Kuna atakayeniambia, "Mimi nina chaja ya simu yangu mwenyewe, mbona bado inasuasua?" Tazama kebo! Zipo kebo zisizo na wa kijani wala mweupe. Simu inauliza, hakuna kinachorudi, na simu nyingi hapo hujizuia kwenye ampea 0.5. Nyingine zina nyaya zote nne, ila za umeme ni nyembamba kama uzi. Piga hesabu: kebo yenye ukinzani (kule kuuzuia umeme usipite) wa omu 0.5, ukivuta ampea 2, volti 1 nzima inapotea njiani. Zilizotoka 5 zinafika 4. Simu inaliona hilo, inapunguza kuvuta, na lawama inakwenda kwa chaja. Hili linaniudhi sana, kwa sababu mara nyingi mnunuzi haandikiwi kilichomo ndani ya ganda lile. Na ndiyo sababu kuchaji haraka kunapandisha volti: wati ni volti mara ampea, basi wati 18 kwa volti 9 ni ampea 2 tu, kwa volti 5 ni 3.6, na ampea zikiwa chache, kinachopotea njiani ni kidogo.

Muda unanibana, niiguse USB-C, ile plagi inayoingia upande wowote. Huku kuna pini mbili maalumu za makubaliano, moja kila upande, na kifaa lazima kiwe na rezista (kipande cha kuzuia umeme) ya omu 5,100 kwenye kila pini, kila moja na yake. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019, pini hizo mbili zilichangia rezista moja. Ukitumia kebo yenye chipu ya kuitambulisha kebo, chaja ilidhani imechomekewa kifaa cha sauti, ikakataa kutoa umeme. Pini zote mbili zikiwa sawa, chaja inataja ilichonacho, volti 5, 9, 15 au 20, na simu inachagua. Ukitaka zaidi ya ampea 3, kebo iwe na chipu ile. Tangu 2021 kanuni za USB-C zinaruhusu hadi wati 240.

Kwa nini mwendo unapungua betri ikikaribia kujaa, hilo niulizeni kwenye maswali. Karibuni.