Ijaribu Ikiwa Imelowa: Mavazi ya Yoga ya Joto

Habari za jioni, na karibuni nyote. Nimeombwa nizungumzie nguo za kuvaa kwenye yoga ya joto, ile inayofanywa ndani ya chumba kilichopashwa moto, na naona baadhi yenu mmeshika simu zenye picha, mnasubiri kuuliza kama hii inafaa au ile. Tutafika huko. Tuanze na chumba chenyewe, kwa sababu chumba ndicho kinachoamua nguo.

Darasa la mtindo wa Bikram, uliozaa mengi ya madarasa mengine ya yoga ya joto, ni dakika 90: mikao 26, yakiwemo mazoezi mawili ya kupumua, katika joto la nyuzi 40 hivi na unyevu wa asilimia 40. Yapo madarasa ya nyuzi 32 hadi 35 yanayokwenda kwa kasi zaidi. Ngozi yako ukiwa kwenye mazoezi iko kwenye nyuzi 35 hivi. Chumba kikifika 40, hewa ina joto kuliko ngozi, kwa hiyo mwili hauna pa kulitupia joto lake. Badala yake unaongezewa la chumba. Inabaki njia moja tu, jasho kukauka juu ya mwili. Lita moja ya jasho ikikauka yote huchukua takriban kilojuli 2,400 za joto. Ikidondoka kwenye mkeka, imepotea bure: umepoteza maji na hujapoa. Kwa hiyo msitafute nguo ya "kupooza", haipo. Tafuteni isiyolizuia jasho kukauka, na itakayokaa mahali pake mkiwa mmeinama, mmepinda au mmesimama kwa mguu mmoja.

Na mahali mlipo panahusika. Chukua hewa ya Dar es Salaam ya Machi, nyuzi 32 na unyevu asilimia 75, uipashe moto hadi 40 bila kuongeza maji: unyevu utashuka hadi asilimia 48 hivi, kisha jasho la watu 20 mle ndani liupandishe tena. Chukua ya Nairobi ya mchana, nyuzi 24 na asilimia 50, uipashe vilevile: unapata kama asilimia 20. Nairobi jasho linakauka kabla hujaliona, isipokuwa studio imeweka mashine ya mvuke. Pwani linatiririka. Ndiyo maana fulana anayoisifu rafiki yako wa Nairobi inaweza kukuelemea wewe wa Mombasa, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Sasa jambo lenyewe nililokuja kulisema. Nguo hii utakuwa nayo kavu kwa dakika kumi hivi za mwanzo. Muda wote unaobaki itakuwa imelowa chepechepe. Lakini tunaichagua dukani ikiwa kavu, tumesimama wima, mbele ya kioo. Ndipo kosa linapoanzia.

Jaribio ni rahisi. Nyumbani, itie nguo kwenye beseni la maji, ikamue kidogo tu, kisha ivae. Chuchumaa mpaka chini. Inama ushike visigino. Lala chali, inua miguu juu. Simama kwa mguu mmoja, mwingine uuvute nyuma kwa mkono. Inua mikono yote juu, uishushe mara kumi. Halafu simama mgongo ukielekea dirishani kwenye mwanga mkali, mtu unayemwamini akutazame. Utajua mambo matano kwa mkupuo: kama inaonyesha mwili, kama inateremka kiunoni, kama inapanda mapajani, kama mshono unakata, na kama imekuwa nzito. Kuonyesha huko kunawashangaza wengi. Kitambaa kikavu hutawanya mwanga kati ya nyuzi zake. Maji yakijaza nafasi hizo mwanga hupenya. Nyeupe na rangi za mpauko ndizo zinazoumbua, na kijivu cha wastani huchora kila doa la jasho. Nyeusi, bluu iliyoiva au yenye maua mengi haina neno.

Dukani huwezi kulowesha nguo ya mtu, naelewa. Basi ivute juu ya kiganja chako kwa nguvu ile itakayovutwa na makalio ukichuchumaa. Ukiona mistari ya kiganja nguo ingali kavu, iache.

Kitambaa. Soma lebo, hata mtumbani. Nyingi bado zinayo mshononi, ubavuni kwa ndani. Katika hewa ya kawaida pamba hunywa unyevu wa asilimia 8 hivi ya uzito wake, nailoni kama 4, poliesta haifiki hata nusu ya asilimia moja. Hizo ni hesabu za uzi wenyewe. Ikilowa kabisa, fulana ya pamba huweza kubeba maji kuzidi uzito wake, na maji hayo hayana haraka ya kuondoka. Taiti za bei nafuu sokoni mara nyingi ni pamba na spandeksi, ule uzi unaovutika kama mpira, asilimia 5. Kavu zinavutia sana, laini, zinapumua. Zikilowa zinashuka, magoti yanafanya vifuko, na msamba unaning'inia. Viskosi, kile kitambaa laini cha nyuzi zitokanazo na mbao, ni mbaya zaidi: ikilowa inapoteza nguvu, na ukiivuta inabaki ilivyovutwa.

Ninachopendekeza kwa taiti na bukta za kubana ni nailoni na spandeksi, hiyo spandeksi iwe kati ya asilimia 15 na 25, kitambaa cha gramu 180 hadi 220 kwa mita ya mraba. Zile nzito za gramu 300 zinafaa zaidi kwenye baridi. Poliesta inakauka haraka na ni rahisi kuipata, lakini inashika harufu kuliko nailoni. Nitalirudia suala hilo.

Urefu ndio wenye ubishi, na jibu linategemea darasa. Kwenye mtindo wa Bikram bukta fupi ya kubana inatosha, tena ni bora: ngozi iliyo wazi inakausha jasho vizuri, na mwalimu anaona kama goti limenyooka. Kwenye madarasa ya mtiririko, yenye mikao ya kusimama kwa mikono, mambo yanageuka. Katika mkao wa kunguru goti linakaa juu ya mkono wa juu, karibu na kwapa. Ngozi tupu yenye jasho juu ya ngozi tupu yenye jasho huteleza, nawe unaangukia uso. Kitambaa cha nailoni juu ya ngozi hushika. Vilevile mkao wa mti: unyayo uliowekwa kwenye paja lililo tupu utateremka, kwenye paja lenye taiti unatulia. Kwa hao, taiti inayoishia chini kidogo ya goti ni suluhu nzuri. Ile ndefu mpaka kifundo inafaa pia, ila upindo usifike chini ya kisigino. Ukiukanyaga ukiwa umelowa, umeanguka. Na unapotakiwa kushika unyayo, usitegemee nguo. Chukua kitaulo cha mkononi, funika unyayo, ndipo ushike.

Kiunoni, lastiki iwe pana, sentimita 8 hadi 12, ivuke kitovu. Nyembamba hujikunja ukiinama na kuwa kamba. Kwenye msamba tafuta kipande kidogo cha umbo la almasi au pembetatu kilichoshonewa hapo. Kinaondoa ile makutano ya mishono minne inayochubua. Mishono iwe bapa. Jasho likiwa na chumvi yake, mshono uliosimama utakuchubua ndani ya mapaja na makwapani kabla darasa halijafika nusu. Lebo ikikukera, ikate yote hadi mzizi. Ukiacha ncha, umejitengenezea kisu. Chupi ya pamba chini ya taiti inabaki mbichi hadi mwisho, kwa hiyo vaa isiyo na mishono, ya nailoni, au usivae kama taiti ina kitambaa cha ndani.

Sidiria ya michezo: toa vile vidonge vya sponji. Vinanyonya jasho, na mkilala kifudifudi vinalikamua lote kifuani. Mikanda iwe mipana. Kulabu za mgongoni zinakuchoma mkilala chali, lakini isiyo na kulabu ni vita kuivua ikiwa imelowa, hasa wenye kifua kikubwa. Hapo kila mtu achague adha yake.

Wanaume, bukta za mpira wa miguu ni poliesta nyepesi, zinakauka, sina ugomvi nazo. Tatizo ni mdomo wake mpana. Mkiinua miguu juu, jirani anaona asichokiomba. Vaeni taiti fupi ndani yake, au hiyo taiti fupi peke yake. Singlendi pana au fulana iliyolegea itawafunika uso mkiinama. Wengi huishia kuivua, na wengine mngeanza bila hiyo.

Dada hapo nyuma ameuliza kuhusu kujistiri. Inawezekana, kwa mpango. Mikono mirefu ya nailoni nyembamba inayogusa mwili ni nafuu kuliko fulana mbili zilizopandana, maana kila tabaka linafungia mvuke. Juu ya taiti, blauzi ndefu yenye mpasuo pembeni, na upindo wake ufungwe fundo nyongani ili isipande. Hijabu iwe ile ya kuvuta kichwani, ya kitambaa chepesi cha michezo, bila pini na bila kofia ya ndani. Weka mkeka wako karibu na mlango, mbali na hita, na anza na madarasa ya dakika 60 ya nyuzi 35. Ukijiona unahitaji kukaa chini, kaa. Umevaa zaidi ya wengine na mwili wako unalipia.

Kuna kitu kimoja nakikataa kabisa: suti za plastiki na mikanda ya kubana tumbo "kwa ajili ya kukata mafuta". Plastiki inazuia jasho lisikauke, yaani inafunga ile njia moja niliyoitaja mwanzoni. Kilo inayopungua kwenye mzani ni maji, itarudi ukinywa. Mkanda nao unazuia pumzi kushuka. Kizunguzungu, kichefuchefu au akili kuchanganyikiwa vikija, toka nje upoe, usisubiri mkao uishe.

Mafuta ya nazi na losheni, acheni siku ya darasa. Mikono na nyayo zitateleza hata kwenye taulo. Vaselini kidogo ndani ya mapaja inaruhusiwa, mikono ifutwe baadaye.

Nilisema nitarudi kwenye harufu. Darasa likiisha, vua nguo mbichi mara moja, vaa dera au kanga juu ya mwili uliofutwa. Fangasi wanapenda chini ya matiti na kinenani. Zile mbichi zisikae kwenye mfuko wa nailoni ndani ya gari. Zisuuze kwa maji baridi siku ileile, kisha zifue zikiwa zimegeuzwa ndani nje, kwa sabuni kidogo, maji yasizidi nyuzi 30. Dawa ya kulainisha nguo inapaka nyuzi utando, jasho halisambai tena. Jiki inaua spandeksi. Harufu ikigoma, tia nusu kikombe cha siki kwenye lita 5 za maji, loweka dakika 30, suuza. Siki na jiki zisikutane kamwe, zinatoa gesi ya sumu. Anika kivulini, na pasi usiiguse.

Taiti ikianza kutoa vijiuzi vyeupe vinavyong'aa mapajani, hiyo ni spandeksi imekatika. Ivute, iachie, isiporudi ilivyokuwa, ipeleke kwenye nguo za kulalia. Haya, leteni hizo picha.