Kile kibao cha EXIT usikitupe

Haya jamani, shikamooni wazee, na wengine mambo vipi. Wengi humu mnabomoa na kukarabati majengo hapa Marekani, sasa niwaulize, kile kibao cha EXIT kinachowaka kijani usiku kucha na hakina hata waya, kinawashwa na nini? (Mtu anajibu: betri!) Hapana kaka, ni tritiamu, gesi ya mionzi imefungiwa kwenye vijibomba vya kioo. Ukutani hakikudhuru, ila ukikivunja ukaivuta ile gesi ni habari nyingine.

Sasa hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Kengele ya moshi nyumbani kwako nyingi zina chembe ya amerisiamu-241, nayo ni kitu cha mionzi vilevile, lakini ukinunua huombwi leseni, ukimpa jirani hakuna anayekuuliza. Leseni kaibeba mtengenezaji au aliyeingiza kengele nchini akaitoa mkononi mara ya kwanza, na leseni hiyo inatolewa na NRC peke yake, yaani tume ya serikali kuu inayosimamia nyuklia, jimbo haliwezi. Yaani ukiagiza makatoni ya kengele za bei chee kutoka nje uuze mtandaoni, huyo mtu wa kwanza ni wewe, haya.

EXIT ni kinyume chake. Mwenye jengo ana leseni bila hata kujijua, inaitwa leseni ya jumla, huiombi, kibao kinakuja na masharti yake. Lebo usibandue. Jengo likiuzwa na kibao kikabaki palepale, mwenye jengo mpya anakirithi, ila unampa nakala ya kanuni na unaripoti ndani ya siku 30, kwa NRC au kwa jimbo maana majimbo mengi yanajisimamia. Kikishuka ukutani basi, kinaenda kwa mwenye leseni maalum tu, ile ya kuombwa, mara nyingi kiwanda kilichokitengeneza, na leseni yake uhakikishe inaruhusu kitu hicho na kiasi hicho, sio "ah nimeambiwa anayo".

(Swali: na kama kimeshafifia?) Swali zuri. Nusu ya tritiamu inaisha kila miaka 12 na kidogo, kwa hiyo cha miaka 20 bado kina karibu theluthi, na sheria haiangalii kinawaka vipi.

Kwa hiyo fundi, kabla ya nyundo geuza kibao usome lebo, jina la kiwanda na namba ya kibao vipo pale, mpigie bosi wako kwanza. Ndiyo mzee, wewe pale nyuma.