Chakula cha Ukuta wa Utumbo Mpana

Ndugu wasikilizaji, wengi wetu tumefundishwa kwamba nyuzinyuzi za chakula husaidia kupata choo tu, kisha hutoka kama zilivyoingia. Maelezo hayo yanazipunja. Sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, pamoja na wanga ulioshindikana kumeng'enywa katika utumbo mwembamba, huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana, nao huzigeuza kuwa asidi za mafuta za mnyororo mfupi, hasa asetati, propionati na butirati.

Asetati, iliyo nyingi kuliko zote, husafiri na damu hadi kwenye misuli na moyo, ikachomwa huko kuwa nishati, na propionati huishia zaidi kwenye ini. Butirati haifiki mbali, kwa sababu seli za ukuta wa utumbo mpana huitumia palepale, nazo hupata humo takriban asilimia 60 hadi 70 ya nishati zinayoihitaji. Hili hunistaajabisha kila ninapolifundisha: seli hizo zinafikiwa na damu yenye sukari, lakini hutegemea zaidi kile kinachoandaliwa na bakteria. Kwa mwili mzima, asidi hizi hukadiriwa kuchangia asilimia 5 hadi 10 ya nishati ya siku.

Mwaka 2015 mtafiti Stephen O'Keefe na wenzake walichapisha jaribio ambamo Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana aina ya mlo kwa wiki 2. Wamarekani walipandishwa kutoka gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55, ilhali wanakijiji, waliopewa soseji na baga, walishuka kutoka gramu 66 hadi 12. Utengenezaji wa butirati uliongezeka mara 2.5 kwa Wamarekani, na kwa wanakijiji ukapungua kwa nusu. Wiki 2 tu!

Kwa hiyo naona tunapoteza mengi tunapoacha dona kwa ajili ya weupe wa sembe. Hata kiporo cha ugali kina faida yake, kwani unapopoa, sehemu ya wanga hujipanga upya kiasi kwamba vimeng'enya vyetu hushindwa kuuvunja, ukawafikia bakteria. Asiyezoea maharage na aongeze kidogo kidogo, kwa maana uchachushaji huohuo hutoa gesi, na tumbo huhitaji muda kulizoea jambo hilo.