Waridi na Ngome: Rangi za Mashua za Mifereji ya Uingereza

Ndugu wasikilizaji, waridi na ngome ni mapambo yaliyochorwa kwa rangi kwenye mashua za mifereji; tuanze na vipimo vya mashua hizo. Mashua ya mizigo ya mifereji ya Uingereza ilikuwa na urefu wa futi 70 hivi na upana wa futi 7, ipate kupenya malango membamba ya maji. Karibu nafasi yote ilichukuliwa na makaa ya mawe na shehena nyingine. Nyuma kilibaki chumba cha futi 10 tu. Reli zilipoanza kuwapunguzia wenye mashua mapato, kuanzia miaka ya 1830, wengi walihamisha familia zao humo. Kufikia 1858 jarida moja la London lilikuwa limeshaeleza kuta zenye ziwa, ngome na milima, na dumu la maji la galoni mbili lililozungushiwa mashada ya maua. Mimi naona ukoo wa mapambo hayo uko karibu na sinia za bati zilizopakwa rangi Birmingham na Wolverhampton; mtindo ni uleule.

Sasa waridi lenyewe. Penseli haitumiki. Juu ya rangi ya msingi, aghalabu nyeusi au kijani cha kiza, huwekwa viduara: damu ya mzee kwa waridi jekundu, chungwa kwa la njano, pinki kwa jeupe. Majani huingia kwenye mapengo. Kisha yote yaachwe yakauke kabisa.

Petali hupigwa kwa brashi laini iliyojaa rangi ya mafuta, kila petali kwa mkupuo mmoja: kandamiza, pinda, inua. Rangi ikiwa nzito, brashi hukwama na mkupuo hukatika; ikiwa nyepesi, ukingo husambaa na kiduara huonekana chini yake. Petali ikiharibika usiirudie juu kwa juu, utapata tope. Ifute ingali mbichi kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo; kiduara kilichokauka hakitadhurika. Hii ndiyo faida ya kusubiri, na wanagenzi wengi hawasubiri. Vishipa vya majani na vidoti vya njano katikati huja mwisho.

Ngome hufuata kanuni iliyo kinyume. Mbingu hutiwa buluu juu na rangi ya maziwa karibu na upeo, zikachanganywa zingali mbichi hadi mpaka upotee. Zikikauka kabla, mstari utabaki. Ndipo zije milima, maji, daraja, minara yenye mapaa mekundu, na madirisha ya mipigo ya rangi ya kiza. Mwanga uwekwe upande mmoja tu wa mnara. Ukiweka pande mbili, mnara hulala bapa kama karatasi.

Kila karakana ilikuwa na mkono wake. Mazoea yakikukaa, waridi la mchoraji Frank Nurser wa Braunston hulichanganyi na la mwenzake Bill Hodgson wa Stoke. Walifanya haraka kwa sababu mashua iliyofungwa gatini haikuingiza kitu. Serikali ilipotaifisha mifereji mwaka 1948, mashua nyingi zilipakwa buluu na njano za shirika la serikali lililozimiliki, na kazi ya waridi ikapungua sana.

Kwa anayetaka kujaribu: dumu jipya la bati lenye zinki halishiki rangi. Lioshe mafuta, lipige praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) inayofaa bati lenye zinki, ndipo uweke msingi. Ukiruka hapo, waridi litabanduka pamoja na msingi wake. Vanishi nayo isubiri rangi ikauke hadi ndani, la sivyo itajikunja.