Feruli: Kipande Kidogo Kinachomkosesha Fundi Usingizi

ASHA: Haya jamani tumerudi, na leo fundi kaja na kopo la vipande vyeupe kama meno, kavimwaga mezani hapa ananiambia chagua. Nachagua nini sasa kaka Sele, si vyote vyeupe?

SELE: Ndo ugonjwa wenyewe huo. Mteja anaona picha anasema nataka ile nyeupe inayong'aa, basi. Hebu chukua hiki ugonge mezani. Sasa na hiki.

ASHA: Mh. Cha kwanza kinalia ta! Hiki kingine kama kifuniko cha ndoo.

SELE: Cha kwanza melamini, plastiki ngumu, cha pili ABS, plastiki ya kawaida tu.

ASHA: Kwa wale wanaojiunga leo, feruli ni ile pete nyeupe mbele ya fimbo ya puli, chini ya tipu, kile kingozi kinachogusa mpira.

SELE: Kwenye fimbo za puli nyingi ni kama milimita 25 hivi, na kazi yake ya kwanza ni kulinda mti. Mti tunaotumia sana ni mepo, mgumu kweli, lakini ukiugonga kichwani kila siku bila kitu cha kuushika pembeni unachanika kufuata nyuzi zake kama kuni. Mimi nilivyoanza nikajua basi, kadiri feruli inavyokuwa ngumu ndo fimbo inakuwa bora, nikawa naweka melamini kila mahali, hata fimbo za watoto.

ASHA: Na ilikuwa mbaya?

SELE: Sio mbaya, ni imara sana hiyo, inang'aa, chaki tunayopaka kwenye tipu haiingii. Ila ni nzito kidogo, na kwenye mashine ya kukereza ni bishi, kisu kikiwa butu inamegeka ukingoni. Siku moja sina usingizi nikapiga hesabu: kipande cha urefu wa milimita 25, upana kwa nje 13, tundu la ulimi 8, ulimi ni ile ncha ya mti iliyochongwa kuingia ndani ya feruli. ABS inakuja gramu 2 na kidogo, melamini kama 3, pembe ya ndovu inakaribia 4, brasi ya kipimo hichohicho inapita 17.

ASHA: Kaka, umekosa usingizi kwa ajili ya gramu moja?

SELE: Gramu moja kule kwenye mpini haina habari dada, hii iko mbele kabisa. Ukipiga mpira mweupe pembeni upate spini, yaani uzunguke, tipu inagusana nayo kama elfu moja ya sekunde tu, na muda huohuo wanasukumana pembeni, sasa kichwa cha fimbo kikiwa kizito hakikubali kusogea, basi anayesogea zaidi ni mpira. Unalenga huku, mpira mweupe unatoka umepinda kidogo upande wa pili.

ASHA: Aaah, hiyo naijua! Nilibadilisha fimbo nikakosa mipira ya kitoto wiki mbili nzima, nikasema nimerogwa, kumbe mkono ulikuwa bado unafidia fimbo ya zamani.

SELE: Hujarogwa. Ila tusiipe feruli lawama zote, mti wenyewe una uzito. Ndo maana Predator, kampuni ya fimbo, miaka ya 1990 walipotaka kupunguza hilo tatizo waliutoboa mti mbele ukawa na uwazi ndani, na feruli wakaiweka fupi na nyepesi. Ukiweka feruli nyepesi juu ya mti mnene mzito umefanya nusu ya kazi.

ASHA: Sasa mbona fimbo za snuka zina brasi, si umesema inapita gramu 17?

SELE: Kipimo cha puli hiyo. Ya snuka ni fupi, na ukuta wake mwembamba sana, ulimi wa mti unajaa karibu tundu zima, halafu fimbo yenyewe mbele ni milimita 9 au 10 tu. Plastiki ukiifanya nyembamba vile itapasuka, brasi inavumilia.

ASHA: Na pembe? Maana wazee wa puli wakianza kusifia mlio wa pembe hawanyamazi.

SELE: Mlio mzuri, siwezi kusema uongo. Lakini pembe inapasuka hali ya hewa ikibadilika, inageuka njano, na kubwa zaidi ni tembo mwenyewe. CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, walipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika kwa uamuzi wa 1989, na Marekani ikabana karibu kila mlango mwaka 2016. Fimbo yenye pembe ukivuka nayo mpaka unaweza kunyang'anywa. Mimi siigusi. Siku hizi kuna vya kutengeneza vinavyofanana nayo, kimoja, usicheke, kinaitwa Juma.

ASHA: Juma?!

SELE: Juma kabisa, jina la kiwandani hilo.

ASHA: Mjomba wangu yuko kwenye fimbo za watu na hajui.

SELE: Sasa mimi roho yangu iko kwenye hiki cha kahawia-maziwa, kitambaa cha kitani kilichobanwa na resini ya fenoli. Ukiangalia kwa karibu unaona nyuzi za kitambaa. Hakimegeki hovyo, uzito wa kati, mpigo wake una utulivu. Ubaya wake kinakunywa chaki, mwezi mmoja tu kimekuwa cha buluu. Dawa yake ni supa glu, unapaka nyepesi fimbo ikiwa inazunguka kwenye mashine, inaziba vitundu, halafu msasa laini. Na vumbi lake vaa barakoa, sitanii.

ASHA: Ushawahi kuharibu fimbo ya mtu?

SELE: Eeh. Feruli yenye kifuniko juu, nikachonga ulimi umebana kabisa, nikajisifu, nikajaza epoksi nikaisukuma. Hewa na gundi havina pa kutokea, kikalia kitu ndani, ufa kutoka juu mpaka chini. Nikamwambia mwenyewe ni bahati mbaya, uongo mtupu, ni mimi. Sasa naacha kamfereji kadogo kwenye ulimi gundi itokee. Na nikwambie kitu, ABS iliyokaa sawasawa kwenye ulimi inapiga vizuri kuliko melamini iliyowekwa ovyo, nimejaribu zote mbili kwenye mti mmoja.

ASHA: Haya, niwekee mimi. Nachezea spini sana, tipu laini.

SELE: Basi ya kitani, fupi, milimita 15. Fimbo ya kuvunjia, ile ya pigo la kwanza la mchezo, tutakuwekea melamini, kule huhitaji spini.

ASHA: Hapana, mimi niwekee Juma.