Bali Kama Si Hivyo: Kumtumaini Mungu Mbele ya Mateso, Majaribu na Mauti

Mhadhara uliotolewa mjini Nakuru kwa wazee wa kanisa na wahudumu wanaotembelea wagonjwa

Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliojitolea kuwahudumia wagonjwa, nawasalimu katika jina la Bwana. Nimetoka Kisumu, ninakohudumu miongoni mwa wagonjwa na waliofiwa, na mliponialika mliniomba nizungumzie namna ya kumtumaini Mungu wakati wa mateso. Nimekubali, ila nitaongeza mambo mawili yasiyotengana na mateso, yaani majaribu yanayomjia anayeteseka, na kifo ambacho kila mmoja wetu humu ndani anakiendea. Kwa muda mrefu nimeona kwamba sisi Wakristo wa upande huu wa Kenya tumeijua vizuri nusu ya kwanza ya tumaini, ile isemayo kwamba Mungu anaweza, lakini nusu ya pili hatufundishani.

Nusu zote mbili zimo vinywani mwa Shadraka, Meshaki na Abednego katika Danieli sura ya 3. Wakiwa wamesimama mbele ya tanuru la moto walilotishiwa kutupwa ndani yake kwa kukataa kuisujudia sanamu, wanamwambia mfalme Nebukadreza kwamba Mungu wanayemtumikia aweza kuwaokoa. Sisi tungeitikia Amina na kuketi. Wao wakaendelea: "Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako." Walitamka maneno hayo kabla hawajajua kwamba watatoka hai, na ndiyo maana yana uzito. Tumaini lao lilimshika Mungu mwenyewe, kwa hiyo lilikuwa na nafasi hata ya kuteketea. Hilo la pili ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote nitakayoyasema yanalizunguka hilo.

Nianze na mateso, na nianzie hapa kwenu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 kingo za bwawa moja huko Solai zilipasuka, maji yakateremka na matope na mawe, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha, wengi wao wanawake na watoto. Katika kila msiba wa namna hii hakosi mtu anayenong'ona akiuliza marehemu walikuwa wamefanya nini. Katika Luka 13 Bwana Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, anauliza kama wao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Jibu hilo lingetutosha. Hata hivyo, kukataa kuwahukumu waliokufa hakutuzuii kuwauliza walio hai. Bwawa hujengwa na watu na hukaguliwa na watu, na anayemtumaini Mungu ana wajibu wa kutaka kujua kwa nini kingo zilipasuka. Kuyaita mapenzi ya Mungu yale yaliyokuwa kazi ya fundi na mkaguzi ni kumsingizia Mungu.

Kule kwetu, katika ukanda wa Ziwa Victoria, liko teso jingine ambalo halitangazwi kwenye habari za jioni. Ni ugonjwa wa selimundu, yaani sickle cell. Mama anamleta mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, vidole vya mikono yake vimevimba vikawa vinene na vyenye kung'aa, na mtoto analia kilio kile kile usiku kucha kwa sababu hata kumbeba ni kumwumiza. Mama ananiuliza, "Mchungaji, nilimkosea nani?" Swali hilo hakulitunga yeye, aliwekewa kinywani na jamaa zake, na mara nyingi na mkwewe. Ukweli ni kwamba mtoto hupata ugonjwa huo akirithi hitilafu ya damu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, na kwamba mtu aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu imeenea mahali ambapo malaria imewaua watu kwa vizazi vingi. Wazazi wale walirithi kitu ambacho huenda kiliwavusha wao utotoni. Wanafunzi walipomwuliza Yesu juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Nimemsomea mama mmoja sura hiyo ya 9 ya Yohana mara nyingi, polepole, kwa maana lawama aliyokuwa amepachikwa ilikuwa nzito kuliko ugonjwa wenyewe.

Ayubu naye alipachikwa lawama. Tunawasema vibaya sana rafiki zake, lakini tukumbuke kwamba walianza vizuri: waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyesema neno, kwa kuwa waliona ya kuwa mashaka yake ni makuu mno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Walimtetea Mungu kwa hoja nzuri nzuri, kwamba yeye ni mwenye haki, kwa hiyo lazima Ayubu amekosa. Ayubu alilalamika, akailaani siku aliyozaliwa, akataka kesi yake isikizwe. Mwishoni, katika sura ya 42, Bwana anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa katika habari zake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Nawasihi mlitafakari hilo. Mlalamikaji ndiye aliyenena sawa, kwa sababu malalamiko yake yote aliyapeleka kwa Mungu na hakuondoka mlangoni pake, ilhali wale watetezi walizungumza juu ya Mungu pasipo kusema naye. Zaburi ya 88 nayo ni maombi ya mtu anayelia mchana na usiku, na inaisha gizani, bila shukrani ya mwisho na bila ushuhuda, na bado imo katika kitabu cha sala. Kwa hiyo mfiwa akilia na kuuliza kwa nini, msimnyamazishe kwa kumwambia kwamba Mungu haulizwi.

Sasa nije kwenye majaribu. Tukisikia neno hilo tunafikiria pombe, zinaa na fedha za harambee zilizotafunwa, na hayo ni kweli. Lakini anayeteseka huja kujaribiwa kwa njia nyingine, tena na watu wanaompenda. Mfa maji hukamata maji. Mtu ambaye daktari amemwambia habari mbaya ataambiwa na jirani kwamba ametupiwa kitu, na kwamba yuko mtu anayejua kukitoa. Ataambiwa na mwingine kwamba iko madhabahu ambako mbegu ya shilingi elfu kadhaa hufungua uponyaji. Wote wawili wanamwuzia jambo moja, yaani kumfanya Mungu, au chochote kile, atende sasa hivi.

Angalieni jinsi Shetani alivyomjaribu Bwana katika Mathayo sura ya 4. Alimpandisha juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini, na akamnukulia Maandiko: Zaburi ya 91, juu ya malaika wanaomchukua mtu mikononi wasije wakamwacha ajikwae mguu katika jiwe. Aya ile ni ya kweli, na Zaburi ile tunaipenda. Kilichokuwa jaribu ni kuichukua ahadi na kuigeuza hati ya deni ya kumshurutishia Mungu. Yesu akamjibu kwa Kumbukumbu la Torati: usimjaribu Bwana, Mungu wako. Mtu anayeacha dawa zake za kupunguza makali ya Ukimwi, au sindano zake za insulini, kwa sababu ameambiwa kwamba kuendelea kuzitumia ni kukosa imani, amesimamishwa juu ya kinara kile kile na kuambiwa ajitupe. Tena Paulo, ambaye kwa habari za Matendo 19 leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na katika waraka wa pili akaandika wazi kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Hakuona aibu kuliandika.

Na mwaka 2023 nchi nzima ilitazama msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Kukikimbilia kifo ni kumjaribu Mungu vile vile. Sitakaa sana hapo, kwa kuwa wengi wetu hatujaribiwi upande huo.

Upande tunaojaribiwa sisi ni wa kukikana kifo. Nitawasimulia niliyoyaona katika wodi moja ya wanaume, hospitali sitaitaja. Mzee mmoja alikuwa na saratani ya umio, ugonjwa unaowapata watu wengi magharibi mwa Kenya, na kwa siku hizo hata uji mwepesi haukupita. Mwanawe alikuwa ameketi kitandani. Mzee alishika shati la kijana kwa vidole viwili, akamvuta karibu, akaanza kumweleza habari za hati ya shamba na za jirani aliyekuwa na haki ya kipande kando ya mto, kwa sauti ndogo sana, neno moja kisha anapumzika. Ndipo likaingia kundi la waombaji. Walisikia neno "nikiondoka", wakapaza sauti kwa pamoja, "Shindwa! Hutakufa bali utaishi!" Wakaimba, wakaomba kwa nguvu, wakamwekea mikono. Mzee aliliachia lile shati, akafumba macho, na sijui kama walipoondoka alikuwa na nguvu ya kurudia. Alizikwa baada ya muda mfupi, na habari za kile kipande zikaishia kwa chifu, ndugu na jirani wakishtakiana.

Waombaji wale waliupenda uhai wa yule mzee, na maneno yao ni ya Zaburi ya 118. Lakini Isaya alitumwa kwa mfalme Hezekia na neno la Mungu lisemalo, "Tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa." Hezekia akalia, akaongezewa miaka 15, na miaka 15 ilipokwisha akafa. Lazaro aliyetolewa kaburini ilibidi azikwe tena. Elisha, aliyemfufua mtoto wa yule mwanamke Mshunami, alishikwa na ugonjwa wake wa kufa, na Kitabu cha Pili cha Wafalme hakimlaumu kwa imani haba; kinasimulia hata kwamba maiti iliyogusa mifupa yake ilifufuka. Kila uponyaji tunaousoma ulikuwa wa muda. Hilo halipunguzi thamani yake, na tuendelee kuuomba kwa bidii, lakini tumaini lililojengwa juu ya kupona lazima lije kuvunjika, kwa sababu iko siku moja ambayo hakuna atakayepona.

Wala siwaambii kwamba kifo ni rafiki. Paulo anakiita adui wa mwisho, na Yesu, akijua fika kwamba muda si mrefu atamwita Lazaro atoke, alilia machozi alipokuwa akielekea kaburini. Tunalia, na matanga yetu yana haki ya kuwa na kilio. Tunachokiri ni kwamba adui huyo ameshaingiliwa nyumbani mwake, na kwamba aliyefufuka atawafufua walio wake. Mtu anayeliamini hilo anaweza kulitamka neno kifo mbele ya watoto wake bila kudhani kwamba amejiapiza.

Bwana mwenyewe, akiwa juu ya msalaba, alitengeneza mambo ya nyumba. Alimtazama mama yake na yule mwanafunzi aliyempenda, akawakabidhi mmoja kwa mwenzake, na tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Baadaye ndipo akaiweka roho yake mikononi mwa Baba. Ninawaza vile ambavyo ingekuwa kama waliosimama pale wangalimkatiza asiseme.

Kuna jambo la sheria ambalo wahudumu wa wagonjwa wanapaswa kulijua. Sheria ya Urithi ya Kenya inakubali wosia wa mdomo, ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi wanaostahili, na mwenye kuutamka akifariki ndani ya miezi 3. Watu waliokuwa wakipaza sauti kando ya kitanda kile wangeweza kuwa mashahidi wa mzee. Kwa hiyo mnapoingia wodini wiki hii, kabla ya wimbo na kabla ya kuwekea mtu mikono, ketini, mmwulize, "Baba, una neno ungependa tulisikie?" Akiwa nalo, wawili wenu walisikilize hadi mwisho, waandike tarehe na majina ya waliokuwapo, wamwite mke na watoto kama anawataka, kisha ombeni apone, na mwombe pia, naye akisikia, kwamba kama si hivyo Bwana ampokee.